Kabla Presha Haijashuka

Kitu cha kwanza anachofanya ni kusalimiana. Mama mjamzito ameingizwa thieta na gauni la kijani lililofungwa kwa nyuma, miguu peku, macho hayajui yatue wapi. "Shikamoo mama," anasema mjamzito kwa sauti ndogo, naye muuguzi anaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha anamvuta kwenye maneno: amelalaje, huyu ni mtoto wa ngapi, wa kwanza anaitwa nani, chakula cha mwisho alikula saa ngapi. Nilidhani ni ukarimu tu. Baadaye, kwenye chai ya saa nne, nilimuuliza, akacheka. "Nataka niisikie sauti yake akiwa mzima. Ikija kubadilika nijue."

Ni muuguzi wa usingizi katika hospitali moja ya wilaya. Wenzake wanamwita Mama Usingizi, jina linalopotosha kidogo, maana wengi anaowahudumia hawalali kabisa. Wanaokwenda kujifungua kwa upasuaji huchomwa ganzi ya mgongo, wakabaki macho, wakamsikia mtoto wao akilia kwa mara ya kwanza. Nje ya hospitali kubwa za mijini, kazi hii kwetu iko zaidi mikononi mwa watu kama yeye, wauguzi waliosomea usingizi, wala si madaktari bingwa. Niliomba ruhusa ya hospitali, na ya mama mwenyewe, nikakaa kwenye kigoda pembeni asubuhi nzima nikimtazama.

Sababu ya kwenda ilikuwa ya nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili kwa upasuaji, mimi nikiwa nje kwenye benchi. Yote yalikwenda salama, na mtoto alitoka analia. Lakini mke wangu alikuja kunisimulia jambo ambalo halikuandikwa kwenye kadi yoyote: dakika chache baada ya sindano ya mgongo, kisu hakijamgusa, taa ya juu ilianza kwenda mbali, masikio yakaziba kama anapanda milima kwa basi, tumbo likamjia kooni. "Nilisikia kama naondoka," alisema. Tangu hapo nimewasikia wanawake wengine wakitumia neno hilohilo, kuondoka. Wenye kazi yao wana jina kavu zaidi: presha imeshuka.

Sindano yenyewe ni maajabu, na inafaa kukiri hivyo kabla ya kueleza ubaya wake. Dawa isiyofika nusu kijiko cha chai inaingizwa kwenye maji yanayozizunguka neva, chini ya pale uti wa mgongo unapokoma, na baada ya dakika chache mtu hasikii maumivu kuanzia kifuani kushuka chini, huku anaongea. August Bier, daktari wa upasuaji wa mjini Kiel, Ujerumani, ndiye aliyeitumia kwa upasuaji mwaka 1898, wakati huo dawa ikiwa kokeini. Baadaye yeye na msaidizi wake Hildebrandt wakachomana wao kwa wao. Ya Bier iliharibika: bomba halikushika vizuri kwenye sindano, maji ya mgongo yakamwagika. Ya Hildebrandt ikakubali, mpaka Bier akawa anamgonga muundi kwa nyundo ya chuma na jamaa hasikii. Walimalizia jioni kwa divai na sigara. Siku zilizofuata vichwa viliwauma vibaya, na Bier alilazimika kulala chali siku kadhaa.

Ubaya wake ni kwamba ganzi haichagui. Sambamba na neva za maumivu mna nyuzi nyingine nyembamba ambazo kazi yao, usiku na mchana, ni kuibana mishipa ya damu ili damu isituame. Hizo hulala mapema, na hulala mpaka juu kuliko pale ganzi ya ngozi inapoishia. Mishipa ya nusu nzima ya mwili inalegea kwa pamoja. Damu ni ileile, ila chombo kimepanuka ghafla.

Mtaani kwetu maji ya bomba yakipungua nguvu, nyumba za bondeni hazina habari. Anayejua ni yule wa mlimani, mwisho wa mstari, bomba lake linapoanza kukohoa. Mtoto tumboni ndiye nyumba ya mlimani. Ubongo wa mama una namna ya kujirekebishia, presha ikiyumba kidogo unajivutia damu yake. Kondo la nyuma halina hila hiyo. Mwishoni mwa mimba mfuko wa uzazi unapitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika, na kiasi hicho kinategemea moja kwa moja presha ya mama. Juu ya hayo, mama akilala chali, tumbo lenyewe linaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Akiwa hana ganzi, mwili wake unafidia kwa kuibana mishipa ya miguu. Akishachomwa, cha kufidia hana.

Kwa hiyo kila ganzi ya mgongo kwa mama mjamzito inabeba anguko ndani yake, na fundi anajua hivyo kabla hajafungua pakiti ya sindano. Ninachokipenda kwenye kazi hii ni kwamba anatibu kitu ambacho bado hakijatokea, akiwa na dakika mbili tatu tu, na dawa ambazo zikizidi zinaleta balaa la upande wa pili.

Nirudi kwenye trei yake, maana asubuhi ile niliitazama kuliko nilivyomtazama daktari wa upasuaji. Kulikuwa na mabomba manne yamepangwa kwa mstari, kila moja limebandikwa kipande cha plasta nyeupe chenye maandishi ya kalamu ya wino mzito. La kwanza fenilefrini, dawa ya kubana mishipa ili presha ipande. Kichupa chake kina miligramu 10, na dozi ya mara moja ni mikrogramu 50 hadi 100. Yaani ndani ya kachupa kafupi kuliko kidole mna dozi mia, pengine mia mbili, zimekaa pamoja. Aliivuta yote, akaisukuma ndani ya mfuko wa maji ya chumvi wa mililita 100, akautikisa, akavuta mililita 10 kutoka humo. "Mililita moja, mikrogramu mia moja," alisema kwa sauti, akamwangalia kijana wa mafunzo aliyesimama kando mpaka naye akarudia. Wapo wanaochanganya ndani ya bomba, wakivuta kidogo na kuongeza maji, kisha wanavuta tena kidogo na kuongeza tena. Yeye hataki. Katika kuchanganya mara mbili, alisema, ndimo mtu anamopoteza sifuri.

La pili efedrini: miligramu 30 zilizoongezwa maji mpaka mililita 10, kwa hiyo 3 kila mililita. La tatu atropini, ya kuharakisha moyo, la nne maji matupu ya kusukumia. Kila bomba na mahali pake, na mahali hapo hapabadiliki awe na mama mmoja kwa siku au watano.

Efedrini ina historia ndefu. Inatoka kwenye mmea wa Kichina uitwao ma huang. Mjapani Nagai Nagayoshi aliitenga mwaka 1885, na miaka ya 1920 Chen na Schmidt, wakiwa Beijing, wakaijulisha kwa madaktari wa nchi za Magharibi. Ilikuja kutawala vyumba vya uzazi baada ya utafiti wa kondoo wenye mimba uliochapishwa mwaka 1974. Ralston na wenzake walizilinganisha dawa za kupandisha presha na kuona nyingine zikipunguza damu inayokwenda kwenye mfuko wa uzazi, ila efedrini ikiuacha mfuko salama. Kwa karibu miaka 30 hapakuwa na mjadala. Mpaka leo orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaitaja efedrini pamoja na matumizi yake: kuzuia kushuka kwa presha katika ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua.

Halafu wakaja watu wa Hong Kong. Warwick Ngan Kee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong waliwapima watoto wenyewe: walichukua damu ya kitovu dakika ileile mtoto anapotoka, wakapima asidi. Wale ambao mama zao walipewa efedrini walikuwa na asidi zaidi ya wale wa fenilefrini. Efedrini inapita kwenye kondo la nyuma, ikafika kwa mtoto, ikamwendesha mwili mbio bila hewa ya kutosha. Fenilefrini, ile iliyokuwa ikiogopwa kwa sababu inabana mishipa, haimfikii mtoto kwa kiasi hicho. Mwaka 2005 walichapisha matokeo ambayo watu wa fani walilazimika kuyasoma mara mbili: kwa akina mama 53 waliopewa fenilefrini mfululizo tangu sindano ya mgongo ilipochomwa, pamoja na maji yaliyoachiwa kwa kasi dakika hiyohiyo, presha ilishuka kwa mmoja tu.

Mama Usingizi alisomea efedrini. Ndiyo aliyofundishwa, na ndiyo aliyoitumia miaka yake mingi ya kazi, kwa akina mama asioweza kuwahesabu. Kuhama kwake kulichukua muda, na dawa mpya yenyewe haipo kila mwezi kwenye stoo. Mwezi ambao haipo anarudi kwenye efedrini bila kinyongo, kwa vipimo vidogo vidogo, na mama anatoka salama. Wako wasomi wa semina, wakishasikia jambo jipya, wanaitukana dawa ya zamani kana kwamba ilikuwa sumu. Fundi hafanyi hivyo.

Na si dawa tu. Zamani ilikuwa sheria kwamba mama apewe lita nzima ya maji kwanza, ndipo achomwe. Mwaka 1993 Rout na wenzake wa Durban waliipima sheria hiyo kwa akina mama wa upasuaji uliopangwa. Bila maji ya kutangulia, presha ilishuka kwa asilimia 71 ya akina mama. Kwa wale waliotanguliziwa, 55. Ilisaidia, ila kidogo mno kwa jambo lililoaminiwa kiasi kile, tena kwa mama wa dharura dakika za kusubiri lita iishe zinaweza kumgharimu mtoto. Maji ya chumvi hayakai kwenye mishipa, yanavuja kwenda kwingine kabla ganzi haijashika. Ndiyo maana yeye anaweka kanula ya kijani, anaifunga dripu iendelee tone kwa tone, kisha anaiachia yote, mkono ukikamua mfuko, sekunde ileile dawa inapoingia mgongoni.

Hata mto wa kiunoni umepitia misukosuko. Kila aliyesoma kazi hii anajua kwamba mama hulazwa akiinamishiwa kushoto nyuzi 15, ili tumbo liuachie ule mshipa mkubwa. Mwaka 2015 Higuchi na wenzake wakawaingiza akina mama kwenye mashine ya kupiga picha kwa sumaku, wakaona nyuzi 15 hazifungui kitu, mshipa unaanza kupumua kwenye 30. Miaka miwili baadaye watu wa Columbia, New York, wakaonyesha kwamba presha ikishikiliwa sawasawa kwa fenilefrini, mtoto wa mama aliyelala chali kabisa hana asidi zaidi ya mwenzake, isipokuwa dawa inayohitajika ni nyingi zaidi. Nilimsimulia habari hizo nikidhani nimemletea jambo. Alikuwa anazijua. Aliendelea kukunja shuka la thieta mara nne, akalisokota, akalisukuma chini ya nyonga ya kulia ya mama. "Dawa ninayo kidogo," alisema. "Shuka ninazo nyingi."

Kabla ya trei, lakini, kuna uamuzi, na huo hauonekani na mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mama anayevuja damu nyingi, aliyepauka na mapigo yanakimbia, anaishi kwa ajili ya zile nyuzi nyembamba zinazobana mishipa yake. Ukizilaza kwa ganzi unamwondolea kitu pekee kilichobaki kumshikilia. Huyo hachomwi mgongoni, analazwa usingizi kamili, nusu kaputi kama wanavyosema wazee, hata kama daktari wa upasuaji anaharakisha. Mwenye dalili za awali za kifafa cha mimba, ambaye presha yake iko juu na watu wanamwogopa, kwa kawaida huanguka kidogo kuliko mama mwenye afya, hilo lilinishangaza. Ripoti za Afrika Kusini za vifo vya akina mama zimeandika mara kwa mara hadithi ileile: ganzi ya mgongo, hospitali ya wilaya, daktari mchanga aliyeachwa peke yake. Na utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 22 za Afrika ulikuta karibu akina mama 5 katika kila 1,000 wanaojifungua kwa upasuaji wanafariki. Wengi ni kwa kutokwa damu, lakini matatizo ya usingizi na ganzi yamo. Nilipomuuliza amekataa kuchoma mara ngapi, alijibu kwamba hizo ndizo anazozikumbuka.

Sasa sindano. Mama ameketi pembeni mwa kitanda, mkunga amemshika mabega kwa mbele. "Kidevu kifuani. Sasa nisukume kwa mgongo wako, kama unataka kuniangusha." Vidole gumba vyake viwili vilitafuta ncha za mifupa ya nyonga, vikakutana katikati, kwenye pingili ya nne ya kiuno, vikapanda nafasi moja, vikarudi. Sindano ilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea magunia, ncha yake si ya kukata bali ya mviringo, kama penseli. Ncha hiyo ndiyo imepunguza yale maumivu ya kichwa yaliyomlaza Bier. Ikaingia polepole, ikasimama. Akachomoa kijiti cha ndani. Tukasubiri. Likatokea tone, angavu kama maji ya kisima kizuri, likaning'inia. Akafunga bomba, akasukuma mililita mbili za bupivakaini iliyotiwa sukari iwe nzito, ili izame pale anapotaka.

"Sasa," alisema. Kijana akaangalia saa ya ukutani, akaandika.

Katika vitabu mpaka mtoto atoke presha hupimwa kila dakika. Asubuhi, wodini, mama akiwa ametulia, alikuwa amempima mara tatu na kupata 118, mapigo 84. Mezani mashine ilisema 131, ila hiyo ni hofu, aliipuuza. Aliandika 118 juu ya karatasi akaizungushia duara, na chini yake 106 na 94. Tisa ya kumi, na nane ya kumi. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2018 yanasema ushikilie juu ya ile ya kwanza na usiruhusu kabisa ya pili. Yeye anasema akiiona 106 ameshachelewa.

Mama akalazwa, shuka chini ya nyonga, dripu imeachiwa, na nusu mililita ya fenilefrini ikaingia kabla mkanda wa presha haujajaa mara ya kwanza. 121. Dakika ya pili, 117. Ya tatu, 112, mapigo 97.

Kwangu mimi 112 ilikuwa habari njema. Yeye alisukuma nusu nyingine. Nikaja kuelewa baadaye kwamba hakuwa anaisoma 112, alikuwa anaisoma 97. Mishipa inapolegea, moyo hukimbia kwanza kuziba pengo, na kwa dakika moja mbili presha inaonekana nzuri kwa jasho la moyo. Anayesubiri presha iseme anamsubiri shahidi wa mwisho.

114, mapigo 82. Akapangusa pamba yenye spiriti kwenye paja, kiunoni, chini ya titi. "Hapa baridi? Hapa je?" Ganzi ilikuwa inapanda vizuri. Akamwambia mama amkamate mkono amfinye kwa nguvu, kwa sababu ikipanda mno, vidole ndivyo vinavyolegea kabla pumzi haijawa shida.

Kisha mama akapiga mwayo.

Mwayo mdogo tu, wa mtu aliyekesha. Mkanda ulikuwa ndio kwanza unaanza kujaa, mkono wa mama ukitetemeka kwa ile baridi ya ganzi, na mashine mkono ukitetemeka huhangaika, inajaa, inapungua, inajaa tena, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mama Usingizi hakuitazama. Vidole viwili vilikuwa tayari kwenye kifundo cha mkono wa mama, upande mwingine kidole gumba kilisukuma mililita nzima. "Mama, nasikia kama..." alianza mama, sauti imekuwa nyembamba, imepoteza mwisho wake. "Najua, mwanangu. Vuta pumzi ndefu. Linapita." Mashine ikakata shauri: 101. Wakati inaandika hiyo 101, dawa ilikuwa imeshamfikia. Mama akalamba midomo, akauliza kama wameshaanza kumchana. Sauti ilikuwa ile ya mlangoni. Kipimo kilichofuata kikasema 119.

Nilimfikiria mke wangu na ile taa iliyokwenda mbali. Alipiga mwayo? Sidhani kuna aliyekuwa anamtazama usoni.

Kilichofuata kilikuwa kidogo zaidi na ndicho kilichonionyesha umahiri. Presha ikapanda 129, mapigo yakashuka 54. Kijana wa mafunzo akanyoosha mkono kwenye bomba la atropini.

"Acha."

"Mama, 54?"

"Presha ngapi?"

"129."

"Basi moyo unafanya kazi yake. Tumemkaza mishipa, umeona pamekazwa, ukapunguza mwendo. Ukimtia atropini sasa utampandisha mpaka aanze kuumwa kichwa. Tuache sisi kusukuma." Akaliweka bomba la fenilefrini chini, kwenye mstari wake, akakunja mikono. Dakika mbili baadaye mapigo yakawa 67, presha 120. Angeona mapigo yameshuka pamoja na presha, aliniambia kwenye chai, hapo ni efedrini, haraka, maana hiyo inaupiga moyo teke, na fenilefrini ingeuzamisha zaidi. Namba ileile, 54, na dawa zinapingana. Kijana aliandika hilo kwenye kiganja kwa kalamu.

Mtoto alitoka dakika ya 19, msichana, akalia kabla mguu wa pili haujatoka. Mkunga akampa 8 dakika ya kwanza na 10 ya tano, kwa kipimo ambacho wakunga wote wanakijua kwa jina la Apgar. Wachache wanajua kwamba Virginia Apgar, aliyekichapisha mwaka 1953, alikuwa daktari wa usingizi. Si ajabu. Nani mwingine mle ndani alikuwa na sababu kubwa kama yake ya kutaka kujua mtoto alifikishwaje?

Watu wakahamia kwa mtoto, kama ilivyo haki yao. Daktari alikuwa anatania na mkunga kuhusu jina. Mama Usingizi akachoma oksitosini ya kuubana mfuko wa uzazi, polepole, akiangalia saa, kwa sababu ikisukumwa yote mara moja nayo inalegeza mishipa na presha inaporomoka upya, safari hii mama akiwa ameshapoteza damu. 113. 110. Robo tatu ya mililita. 116.

Karatasi yake ilikuwa imejaa vitone, vimeunganishwa kwa rula. Kwa mbali ulikuwa mstari unaotetema kidogo, na bonde moja dogo pale kwenye mwayo.

Mshono ulipoisha, mama akamshukuru daktari, akamshukuru mkunga, akauliza kama mume wake ameambiwa. Wahudumu wakaja na machela, mmoja akakamata shuka kichwani, mwingine miguuni, tayari kuhesabu tatu. "Ngojeni," alisema Mama Usingizi. Miguu ya mama ilikuwa bado haina nguvu, na mishipa yake bado imelala; ukimgeuza ghafla kutoka kitandani kwenda kwenye machela damu inahama naye. Wakamngoja, shuka mikononi, mkanda ukajaa, ukapungua. 115. Wakamvusha, taratibu, kwa hesabu yake yeye. Akaubonyeza tena mkanda, akabaki ameinama juu ya mama, bomba la efedrini ambalo hakulitumia asubuhi nzima likiwa mfukoni, plasta yake ikichungulia.

"Mwanangu, mtoto utamwita nani?"

Mama akamwambia. Mashine ikasoma 112. Akaandika.